Kona ya Kaskazini-Mashariki

Bwana Vander Ploeg anataka maegesho mia nne na kumi.
Nimempa mia tatu sabini na mbili,
na bwawa.

Yeye analiita shimo.
"Shimo halilipi kodi," anasema,
na kidole chake kinaacha duara la kahawa
juu ya kontua zangu.

Hesabu si ngumu. Shamba la mahindi hunywa,
hunywa taratibu kama mgonjwa, lakini hunywa.
Lami hainywi. Tone likitua juu ya lami
halivui viatu, linapita.
Maji yaliyozoea kulala shambani siku tatu
yatamfikia jirani kwa dakika kumi na moja.

Jirani ana jina: Ardith Hinrichs,
miaka themanini na miwili,
na chini ya nyumba yake, kwenye rafu,
mitungi ya matango ya siki imepangwa kwa mwaka.
Mwaka 2008 haupo.
Ulielea, ukatoka na mlango.

Alikuja kwenye mkutano wa kaunti Jumanne.
Hakusema neno. Alifungua mkoba,
akatoa mfuko wa karatasi wa mbegu uliochanwa ukawa bapa,
na mgongoni mwake, kwa penseli ya seremala,
mabomba ya udongo
yaliyofukiwa kwa mikono na baba mkwe wake,
1926, jembe na kamba na pimamaji.
Mistari yake yote ilikimbilia kaskazini-mashariki.

Bwawa langu lilikuwa kusini-magharibi.

Nilikuwa na sababu. Ndege ilipita juu ya shamba hili
ikapima kila unene wa nyasi,
kompyuta ikachora bonde dogo, la buluu, la kupendeza,
nami nikaliamini.
Maji usiyoyafika hujui wingi wake.
Mimi nilikuwa nimeyafika kwa macho tu.

Alhamisi Duane akaleta eskaveta.
Udongo mweusi, futi mbili.
Mfinyanzi wa kijivu, futi mbili nyingine.
Kisha meno ya mtambo yakagusa kitu, kikalia *tek*,
na Duane akazima injini.

Bomba jekundu, nene kama paja la mtoto,
limepasuka ubavuni.
Agosti, wiki saba bila mvua hapa Iowa,
majani ya mahindi yamejikunja kama sigara,
na ndani ya bomba maji yanapita,
membamba, baridi, hayana habari nasi.
Duane akavua kofia. Sijui kwa nini.
Mimi nikaingiza mkono mpaka kiwiko.

Usiku ule nilifuta bwawa.
Nikalichora upya kwenye kona ya barabara kuu,
pale pale Bwana Vander Ploeg alipotaka kibao chake
chenye taa na jina la duka, urefu futi arobaini.

"Kwa hiyo kibao changu kitasimama majini?"
"Kibao kitasogea. Ukibaki na mchoro wa kwanza,
watakaosimama majini ni wateja."

Hakushawishika. Nisidanganye.
Alitia saini kwa sababu benki ilimpa mpaka Ijumaa,
na kwa sababu kaunti ilikwisha kuuona ule mfuko.

Mwezi wa nne ikaja mvua,
ile tunayoiita ya miaka mia,
nami nimeshaihesabu mara tatu tangu niajiriwe.
Nikaendesha gari mpaka kwenye maegesho, nikazima taa,
nikamulika tochi kwenye rula ya zege.
Futi mbili. Tatu. Saa tisa usiku, nne na nusu,
chini kidogo ya mdomo wa kalvati.
Hapo yakasita.
Sandarusi moja ya duka, nyeupe,
ilizunguka, ikazunguka, haikupata pa kwenda.

Asubuhi Ardith alinipigia simu.
Nilitarajia habari za mitungi.
Alitaka mfuko wake.